Mgeni Asiyepewa Jembe: Maisha ya Kazi ya Dean Dixon

Hapa kwetu Uganda, ukisema neno kondakta mtu humfikiria kijana anayening'inia mlangoni mwa teksi, akiita abiria na kukusanya nauli. Ndiyo maana nilipowaambia wenzangu wa darasa kwamba insha yangu ya historia itamhusu kondakta, walicheka, na mmoja akaniuliza ni wa njia ya Jinja au ya Entebbe. Niliyemkusudia mimi ni mtu anayesimama mbele ya okestra, yaani kundi la wapiga ala ambao huweza kufika 80 au hata 100, akiwaongoza kwa mikono yake na kijiti chembamba. Ili nisiwachanganye wasomaji, katika insha hii nitamwita kiongozi wa okestra. Jina lake ni Dean Dixon, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 1976.

Nilikutana na jina hilo muhula uliopita, mwalimu wetu alipotupa kazi ya kuandika kuhusu mtu aliyeihama nchi yake pasipo vita wala njaa. Sisi wa eneo hili wakimbizi tunawajua. Tumesoma nao, na wengine ni jamaa zetu. Lakini mtu anayeondoka nchi yenye amani na utajiri, akiwa na elimu, sifa na tuzo mkononi, huyo alinishangaza. Nilitaka kujua alikosa nini.

Jibu nililolipata liko katika methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shuleni tulifundishwa kuwa methali hii ni onyo kwa mgeni anayekula bila kufanya kazi. Baada ya kusoma maisha ya Dixon, nimeanza kuitazama kwa upande wa mwenyeji. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba shamba hili sasa ni lako pia. Anayeendelea kuitwa mgeni mwaka hadi mwaka, akipikiwa vizuri na kusifiwa, lakini jembe haoni, amenyimwa kitu kikubwa kuliko chakula. Hoja yangu ni kwamba Marekani ilimkaribisha Dean Dixon, ikampigia makofi, ikampa hata tuzo, ila jembe haikumpa.

Dixon alizaliwa New York, katika familia ya wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Baba yake alitoka Jamaika na mama yake Barbados. Mama ndiye aliyemfungulia njia ya muziki. Alimwanzisha fidla angali mtoto mdogo sana, na alikuwa akimpeleka Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa muziki jijini humo, kusikiliza okestra. Kijana huyo alisoma katika shule ya muziki ya Juilliard na kuhitimu mwaka 1936, kisha akapata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1939.

Hata kabla ya kumaliza masomo alikuwa amekwisha kuona tatizo lililomsubiri. Kiongozi wa okestra hawezi kujifunza kazi yake peke yake chumbani. Mpiga fidla ana fidla yake, mwimbaji ana koo lake, lakini ala ya kiongozi ni watu. Asipopewa watu wa kuongoza, elimu yake hubaki vitabuni. Okestra kubwa za Marekani za wakati ule zilikuwa za wazungu watupu, wapigaji na viongozi vilevile. Basi mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 17, Dixon akaanzisha okestra yake mwenyewe Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York. Alianza na wapigaji wachache mno, akawa akiongeza mmoja mmoja, wazee kwa vijana, kwa msaada wa watu wa mtaa wake.

Mwaka 1941 ndio uliombadilishia mambo. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Franklin Roosevelt, alikuwa ameonyesha tangu miaka ya nyuma kuwa anapinga ubaguzi katika muziki. Mwaka 1939 alijitoa katika chama cha wanawake kilichomnyima mwimbaji mweusi Marian Anderson ukumbi wake jijini Washington. Miaka miwili baadaye alimuunga mkono Dixon na kuhudhuria tamasha lake New York. Mkuu wa muziki wa redio ya NBC alimsikia, akamwalika kuongoza okestra ya redio hiyo, ambayo ndiyo iliyokuwa okestra ya Arturo Toscanini, kiongozi aliyeogopwa na kuheshimiwa kuliko wote wa zama zile. Tarehe 10 Agosti mwaka huohuo Dixon aliongoza New York Philharmonic katika tamasha la kiangazi kwenye uwanja wa Lewisohn, jirani kabisa na Harlem. Alikuwa na umri wa miaka 26, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza okestra hiyo. Miaka miwili baadaye alialikwa na okestra ya Philadelphia.

Mtu angetazamia kwamba baada ya hapo mlango ungefunguka wenyewe. Haikuwa hivyo. Mwaliko mmoja ulipita, mwingine ukachelewa. Kila mara alikuwa mgeni: anakuja, anafanya mazoezi siku chache, anaongoza tamasha, anapigiwa makofi, anarudi nyumbani. Hakuna okestra kubwa iliyompa mkataba wa kudumu. Mwaka 1944 alianzisha tena chombo chake mwenyewe, okestra ya vijana wa Marekani, iliyowakusanya vijana wa rangi mbalimbali, na mpango huo nao ulielemewa na ukosefu wa fedha. Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa Tuzo ya Ditson, inayotolewa kwa viongozi wa okestra wanaoutumikia muziki wa Kimarekani. Mwaka uliofuata, mtumishi huyo wa muziki wa Kimarekani aliondoka Marekani.

Hapa sina budi kusimama na kujiuliza swali ambalo mwanahistoria hapaswi kulikwepa. Je, ni kweli kwamba kilichomzuia ni rangi? Nafasi za uongozi wa okestra ni chache duniani kote. Tena, okestra za Marekani za wakati ule zilipenda viongozi kutoka Ulaya, hata mzungu aliyezaliwa Marekani alipata taabu. Leonard Bernstein alipochukua uongozi wa New York Philharmonic mwaka 1958, alihesabiwa kuwa wa kwanza mzaliwa wa Marekani kupewa cheo hicho. Basi huenda Dixon aliumizwa na mapenzi ya vitu vya ng'ambo, ugonjwa ambao hata sisi tunaujua.

Nilipoutazama mfano huo wa Bernstein kwa makini, hata hivyo, niliona kwamba unatoa jibu jingine. Bernstein alizaliwa mwaka 1918, miaka mitatu baada ya Dixon. Aliiongoza New York Philharmonic kwa mara ya kwanza Novemba 1943, alipoitwa ghafla kushika nafasi ya Bruno Walter aliyekuwa mgonjwa. Dixon alikuwa ameiongoza miaka miwili kabla yake. Wote wawili walikuwa vijana, wote walizaliwa Marekani, wote walisifiwa. Lakini Bernstein siku ile alikuwa tayari ameajiriwa na okestra hiyo kama kiongozi msaidizi, na mwaka 1945 alipewa okestra ya jiji la New York aiongoze kama yake. Simpunguzii Bernstein kipaji chake. Naye kama Myahudi hakukosa kukutana na chuki. Ninachosema ni kwamba kupenda vya ng'ambo kuliwachelewesha wote wawili, na bado mmoja akapewa jembe na mwingine akaendelea kupewa kiti cha mgeni.

Kwa nini iwe vigumu hivyo kwa kiongozi, wakati waimbaji weusi walikuwa wakishangiliwa? Marian Anderson aliimba mbele ya watu 75,000 jijini Washington mwaka 1939. Nadhani sababu iko katika kazi yenyewe. Kiongozi wa okestra ndiye pekee jukwaani asiyetoa sauti yoyote. Kazi yake ni kuamua: nani aanze, nani anyamaze, haraka kiasi gani, kwa nguvu kiasi gani. Zaidi ya hapo, kiongozi wa kudumu huchagua muziki wa mwaka mzima na husikilizwa katika kuajiri wapigaji. Mwimbaji anaweza kupendwa bila kumtawala mtu. Kiongozi huwapa wapigaji amri na huwapa wasikilizaji mgongo. Marekani ya miaka ya 1940 iliweza kuvumilia jambo hilo kwa usiku mmoja wa kiangazi. Kwa mkataba wa miaka mitano, haikuweza. Inasimuliwa kwamba wakala mmoja wa muziki alifika hata kumpendekezea Dixon ajipake rangi nyeupe usoni na kuvaa glavu nyeupe.

Nakiri kwamba hayo niliyaelewa upesi kwa sababu yamenigusa. Ninaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa, na tangu sekondari nimejifunza kusoma nota na kuongoza. Mara tatu mwaka huu mwalimu wa kwaya aliposafiri, mimi ndiye niliyesimama mbele, ikiwamo ibada ya Pasaka ambayo tuliifanyia mazoezi wiki tano. Baada ya ibada hiyo mwenyekiti alisimama akasema, "Dada yetu ametusaidia sana." Nikapigiwa makofi, nikapewa soda. Mwezi uliofuata akateuliwa mwalimu msaidizi, kijana aliyejiunga nasi baada ya Krismasi, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nikimwelekeza kwenye nota. Nilipouliza, niliambiwa kwa upole kwamba wazee hawajazoea kuona msichana akiwapa mgongo ibada nzima. Sisemi kwamba yangu yanalingana na ya Dixon. Yeye alizuiwa na nchi, mimi na kamati ya watu saba. Lakini neno lile "ametusaidia" nililikumbuka kila niliposoma juu ya matamasha yake. Anayesaidia ni mgeni, hata akiwa amezaliwa humo ndani.

Mwaka 1949 Dixon alialikwa Ufaransa kuongoza okestra ya redio ya taifa. Alikwenda, na hakurudi kuishi Marekani tena. Kwa miaka ya mwanzo alizunguka Ulaya, akiongoza okestra hii na ile, na mara nyingi akiwaletea wasikilizaji wa huko kazi za watunzi wa Marekani ambazo hawakuzijua. Kisha, mwaka 1953, jiji la Göteborg nchini Uswidi likamkabidhi okestra yake. Aliiongoza hadi mwaka 1960. Mwaka 1961 akachukua okestra ya redio ya Hesse, mjini Frankfurt, Ujerumani, akakaa nayo hadi mwaka 1974. Katikati ya muda huo, kuanzia mwaka 1964 hadi 1967, alikuwa pia kiongozi mkuu wa okestra ya Sydney, Australia. Naomba msomaji aitazame miaka hiyo. Ujerumani, nchi ambayo miaka 16 tu kabla ilikuwa chini ya Hitler na sheria zake za rangi, ilimpa Dixon kazi ya miaka 13. Nchi iliyosaidia kumshinda Hitler haikumpa hata msimu mmoja.

Dixon mwenyewe alizoea kueleza safari yake kwa namna ambayo sisi wanafunzi wa lugha tutaifurahia. Alisema kwamba mwanzoni waliomtaja walimwita kiongozi mweusi wa Kimarekani, Dean Dixon. Mialiko ilipoongezeka wakamwita kiongozi wa Kimarekani, Dean Dixon. Mwishowe wakamwita kiongozi Dean Dixon, basi. Maelezo yalipungua moja baada ya jingine hadi ikabaki nomino na jina. Alihitaji zaidi ya miaka 20 na mabara matatu kuyaondoa maneno mawili.

Hakuwa peke yake katika njia hiyo. Everett Lee, aliyezaliwa mwaka 1916 katika jimbo la West Virginia, aliongoza opera ya Verdi iitwayo La Traviata katika New York City Opera mwaka 1955, akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza onyesho la kampuni kubwa ya opera nchini Marekani. Opera ni kazi ngumu kuliko tamasha la kawaida, maana kiongozi hushika pamoja okestra shimoni, waimbaji jukwaani na kwaya nyuma yao. Baada ya ushindi huo Lee naye hakupata nafasi ya kudumu iliyolingana na uwezo wake. Akaenda Ujerumani, kisha mwaka 1962 akapata okestra ya Norrköping, Uswidi, akaiongoza miaka 10. Aliishi hadi Januari 2022, akafariki Malmö, hukohuko Uswidi, akiwa na umri wa miaka 105.

Jembe la kwanza la Marekani lilitolewa mwaka 1968, kwa mtu wa kizazi kilichofuata. Henry Lewis, aliyezaliwa mwaka 1932 Los Angeles na kuanza kama mpiga besi kubwa katika okestra ya jiji hilo akiwa kijana wa miaka 16, aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa muziki wa okestra ya New Jersey. Miaka minne baadaye aliongoza La Bohème ya Puccini katika Metropolitan Opera ya New York, mweusi wa kwanza kuongoza hapo. Tukihesabu toka Dixon aiongoze New York Philharmonic mwaka 1941 hadi uteuzi wa Lewis, ni miaka 27. Katikati yake kulikuwa na maandamano, kesi mahakamani, na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Kipaji peke yake hakikufungua mlango huo. Ulisukumwa na maelfu ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuketi katika ukumbi wa okestra.

Mwaka 1970, baada ya miaka 21, Dixon alirudi Marekani kwa ziara. Aliiongoza tena New York Philharmonic, safari hii katika bustani ya Central Park, mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu 75,000. Aliongoza pia okestra za Pittsburgh na St. Louis. Magazeti yalimpokea kama mwana aliyerejea. Waandishi wengi humalizia hadithi yake hapo, kwa sababu inapendeza kumalizia kwa makofi. Mimi naona tuangalie kilichotokea baada ya makofi. Ziara iliisha, Dixon akarudi Frankfurt kwenye kazi yake. Alikuja New York akiwa mgeni wa heshima, katika jiji alilozaliwa. Alifariki Novemba 1976 mjini Zug, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 61, na hadi siku hiyo hakuna okestra kubwa ya Marekani iliyokuwa imempa uongozi wa kudumu.

Nimejiuliza kama maisha yake tuyaite ya ushindi au ya hasara. Kwake yeye, naamini yalikuwa ya ushindi. Alipata okestra tatu na akafanya kazi aliyoipenda hadi afya ilipomshinda. Hasara ilibaki kwa waliomwacha aende. Vijana wa Harlem wa miaka ya 1950 na 1960 wangeweza kumwona mtu wa mtaa wao akiongoza kila wiki, kama yeye alivyopelekwa na mama yake Carnegie Hall. Hawakumwona. Walioketi katika viti hivyo walikuwa watoto wa Göteborg na Frankfurt. Nchi inapompoteza mtu wa namna hii, hesabu yake haiishii kwa mtu mmoja.

Wenzangu wengi wanaomaliza chuo wanazungumza juu ya kuondoka, na siwezi kuwalaumu. Dixon aliondoka na alifanya vizuri. Lakini somo ninalolichukua ni la wanaobaki na wanaoongoza: katika idara zetu, hospitali zetu, vyama vyetu na kwaya zetu, tuwatazame wale tunaowashukuru kila mwaka kwa kutusaidia, tujiulize siku yao ya tatu imepita lini.

Kwaya yetu itachagua viongozi mwezi wa kumi na moja. Nimeandika barua ya kuomba nafasi ya mwalimu wa kwaya, nikaikabidhi kwa katibu mkononi mwake. Nilisema ndani yake kwamba naomba kuongoza. Neno kusaidia sikuliandika.